Shikamoo Mstarini



Mwaka jana, mwezi wa kumi, nilisimama kwenye mstari wa mita 100 katika bonanza la wafanyakazi. Uwanja ulikuwa wa shule ya msingi, nyasi zimeota kwa mafungu, na mstari wenyewe ulichorwa kwa chokaa na mtu aliyekuwa na haraka. Tulikuwa 6. Kijana aliyesimama kulia kwangu, miaka 25 sidhani kama ameifikisha, alikuwa ameinama anafunga kamba za raba zake. Akainua kichwa, akaniona, akasema kwa adabu zote alizofunzwa kwao: "Shikamoo mzee."

Nikaitikia, "Marahaba, hujambo." Ningeitikia vipi tena? Lakini moyoni pakachemka. Mzee? Mimi niliyekimbia mita 800 kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, mwaka 1995? Hapo filimbi ikalia.

Hadi nusu ya njia nilikuwa wa pili. Nalitaja hili mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyelipiga picha. Kisha mtu akanirushia jiwe, likanipata kwenye shavu la mguu wa kushoto, paa! Nikasimama, nikageuka nimwone huyo mtovu wa adabu. Nyuma yangu hapakuwa na mtu, wala jiwe. Palikuwa na vumbi langu mwenyewe. Nilipojaribu kukanyaga, kisigino kilikataa kugusa chini. Yule kijana alimaliza mbio, akarudi, akanishika mkono. "Pole sana mzee." Mara hii sikubisha.

Siku mbili baadaye nilikwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja mwenye vidole vigumu kama koleo. Nikaanza kumweleza: nilikuwa nakimbia, mara nikahisi kama... Akanimalizia: "Kama umepigwa jiwe." Kumbe hadithi hiyo anasimuliwa kila mara, na wanaomsimulia wanafanana: wamevuka 40, walikuwa wepesi zamani, na siku hiyo walikumbushwa wepesi wao. Msuli wa shavu la mguu ulikuwa umechanika kidogo. Akaniuliza umri, nikamwambia 48. Akaniuliza mara ya mwisho kukimbia kwa nguvu zangu zote ni lini. Hapo nilikaa kimya nikipiga hesabu, na hesabu ikaenda mbali mno.

Nijitetee kidogo, msikilizaji. Sikutoka kitandani nikaenda kukimbia. Nilikuwa na miezi 5 ya jogingi. Kila Jumamosi alfajiri nilikuwa na wenzangu pale Daraja la Tanzanite, tunakwenda polepole, tunaimba, tunasemana. Halafu ikaja Septemba 2025. Alphonce Simbu, pale Tokyo, akamaliza marathoni ya ubingwa wa dunia kwa saa 2:09:48, sawasawa na Mjerumani Amanal Petros, na picha ya mwisho ikampa Simbu ushindi kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano yale. Wiki ile mtaani kwetu hata muuza mihogo alikuwa anakimbia. Na mimi nilikuwa napanda ngazi za ofisini bila kuhema. Nikajiona niko tayari.

Huo ndio mtego ninaotaka kuuzungumzia jioni hii, maana wengi wetu wa rika hili tunaingia humo humo. Pumzi hurudi kabla ya kano.

Ukianza mazoezi leo, baada ya wiki chache damu inaongezeka majimaji, moyo unasukuma vizuri zaidi, unaanza kuongea huku unakimbia. Misuli nayo haichelewi sana. Ila kano, ile kamba nene inayounganisha shavu la mguu na kisigino, haina haraka na mtu. Chakula chake ni kidogo. Ukipima vidole vitatu juu ya kisigino, hapo damu hupita kwa uchache kuliko sehemu nyingine za kamba hiyo, na hapo ndipo wengi huumia. Kano hubadilika kwa miezi. Kwa hiyo mtu wa miaka 48 mwenye miezi 5 ya mazoezi anaweza kuwa na pumzi ya kijana na kamba za gari lililokaa gereji miaka 20. Dereva anasikia injini inaunguruma vizuri, anakanyaga mafuta.

Na kasi haiongezi mzigo kidogo kidogo. Unapokimbia, kano ya kisigino hubeba mara kadhaa ya uzito wako, kila hatua, mguu mmoja mmoja. Ukitaka kuongeza mwendo, mwili kwanza hurefusha hatua, na anayeirefusha ni shavu la mguu kwa kuisukuma ardhi. Hali huwa hiyo mpaka takriban mita 7 kwa sekunde, ambazo kwa watu kama sisi ni mbio za kufukuzwa na mbwa. Zaidi ya hapo mwili unaacha kurefusha hatua, unaanza kuzungusha miguu harakaharaka, na mzigo unahamia nyonga na misuli ya nyuma ya paja. Ndiyo maana aliyezoea jogingi akikurupuka kwa kasi huchanika shavu, na anayecheza mpira wa maveterani akitimua mbio kuufuata hujishika nyuma ya paja. Jogingi yangu ya miezi 5 haikuwa imelifundisha shavu wala paja kazi hiyo hata siku moja.

Nilipolala na mguu juu ya mto, wageni walikuja na ushauri. Mzee jirani yangu, askari mstaafu, alikaa kwenye kiti akanitazama, akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Shemeji yangu akasema sasa nitembee tu, mbio ni za watoto. Kwa heshima zote, hapo nilikataa na bado nakataa. Kutembea ni kuzuri. Lakini kinachotutoka kwanza umri ukisogea ni kasi yenyewe. Nyuzi za msuli za kufyatuka hunyauka mapema kuliko zile za kustahimili, na zisipotumika hunyauka zaidi. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni, kwa asiyefanya mazoezi, hupungua kama asilimia 10 kwa kila miaka 10 baada ya 30. Anayeendelea na mazoezi makali kidogo hupunguza mteremko huo. Ukiacha kabisa mwendo wa haraka kwa kuogopa kuumia, siku utakayolazimika kukimbilia daladala au kujizuia usianguke bafuni, miguu itakuwa haina cha kukupa.

Tena mifano tunayo jirani. Bernard Lagat, mzaliwa wa Nandi, Kenya, aliyekuja kuiwakilisha Marekani, alikuwa na miaka 41 aliposhika nafasi ya 5 katika fainali ya mita 5,000 ya Olimpiki ya Rio, 2016. Mkenya Edna Kiplagat alimaliza wa 3 katika marathoni ya Boston mwaka 2024 akiwa na miaka 44. Mwaka huohuo Kenenisa Bekele wa Ethiopia, miaka 41, alikuwa wa 2 katika ile ya London kwa saa 2:04:15. Najua utaniambia hao ni mabingwa, sisi ni watu wa mikopo na mafaili. Kweli. Lakini tofauti yao na mimi ninayoitaka uione si kipaji. Ni kwamba hao hawakuwahi kuacha kwa miaka. Hakuna siku kano zao zilisahau kasi kwa miaka 20 halafu zikakumbushwa kwa filimbi. Na Lagat alikuwa na desturi nyingine ambayo vijana wengi wangeiona uvivu: kila mwaka msimu ukiisha alikuwa anaacha mbio kabisa, wiki 5 nzima, anakula na kukaa na watoto.

Turudi kwa yule dada mwenye vidole vya koleo. Baada ya wiki ya kwanza hakunipa dawa, alinipa ngazi. Simama ukingoni mwa ngazi kwa vidole vya miguu, visigino vining'inie hewani. Panda kwa miguu yote miwili, shuka kwa mmoja, polepole, mpaka kisigino kiwe chini ya ukingo. Nikamuuliza mazoezi hayo ameyatoa wapi. Akanisimulia habari za daktari wa upasuaji wa Sweden, Håkan Alfredson. Huyu alikuwa mkimbiaji, kano ya kisigino ikamsumbua, akaomba apasuliwe, mkuu wake akakataa. Basi kwa hasira akaamua kuitesa ile kano kwa mazoezi ya kushusha kisigino ili ikatike moja kwa moja, wamlaze wamfanyie upasuaji. Haikukatika. Ilipona. Mwaka 1998 akachapisha matokeo ya wakimbiaji 15 wa kujifurahisha, umri wao kwa wastani miaka 44, rika letu hasa, waliofanya mazoezi hayo kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kwenye mbio zao.

Yeye aliwapa dozi nzito: mara 15 kwa mizunguko 3, goti limenyooka, halafu tena goti limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kila siku. Ukijumlisha ni mara 180 kwa siku. Siku hizi wataalamu wengi wanaona mara 3 kwa wiki zinatosha, mradi uzito uwe mkubwa na mwendo uwe wa taratibu. Mimi ndivyo nilivyopewa. Uzito niliupata jikoni: begi la mgongoni la mwanangu, ndani yake sembe kilo 5. Baada ya wiki 3 nikaongeza mfuko wa pili. Mke wangu alinikuta ngazi ya barazani usiku, nimebeba begi lenye picha ya katuni, napanda na kushuka mahali palepale kama mtu anayesubiri basi lisilokuja. Akauliza, "Baba, unga huo tunakula au unafanya nao mazoezi?" Tulikula baadaye.

Hilo la goti kukunjwa usilidharau. Shavu la mguu lina misuli miwili, mmoja juu ya mwingine. Ule wa nje unaonekana, ndio unaotuna ukivaa kaptura. Wa ndani ni bapa, hauonekani, lakini ndio mchapakazi mkubwa katika mbio, na unaamshwa hasa goti likikunjwa. Wengi wetu tunaufanyia mazoezi ule wa kuonekana.

Kabla hajaniruhusu kukimbia haraka, yule dada alinipa mtihani: simama mguu mmoja, shika ukuta kwa kidole kimoja tu, nyanyua kisigino mpaka juu kabisa, hesabu. Alitaka nivuke 20 kila upande bila kudanganya. Siku ya kwanza mguu wangu mzima, ule ambao haukuchanika, ulitoa 11. Hebu sikia hilo. Mguu mzima, 11! Ndio nilikuwa nimeupeleka kwenye mita 100. Jaribu usiku huu ukishazima redio.

Kasi yenyewe iliporudi, ilirudi kama chumvi, kwa kubana vidole. Mwisho wa jogingi ya polepole, nikiwa nimeshapata joto, nilikuwa naongeza mwendo kwa sekunde 15 hivi, mara 4. Sio kufyatuka. Ni mwendo wa mtu anayekwenda haraka lakini angeweza kuongeza akitaka. Halafu natembea mpaka pumzi itulie kabisa, nina haraka gani? Wiki 4 nzima nilifanya hivyo tu, mara 2 kwa wiki, na kusema kweli ziliniuma kwa kunichosha kichwa, si miguu. Unajisikia unaweza. Kujisikia unaweza ndiko kulikonileta kwenye lile jiwe.

Baada ya hapo nilihamia kilimani. Dar si mji wa milima, lakini barabara ya kupanda Chuo Kikuu, Mlimani, ina mteremko wa kutosha. Ukikimbia kupanda, ardhi inakuja kukupokea, mguu haudondoki kutoka juu, kishindo kinapungua, na huwezi kufikia kasi ya hatari hata ukitaka. Sekunde 10 juu, kushuka kwa kutembea. Ila nikuonye: kilima hupunguza kishindo, hakilionei huruma shavu la mguu. Kama kano yako inauma tayari, kilima kitaivuta zaidi. Kilima ni cha aliyefaulu mtihani wa ukuta.

Na mchanga, jamani, mchanga. Nimewaona watu wazima pale Coco Beach wanakimbia kwa kasi kwenye mchanga mkavu kwa imani kuwa kilaini hakiumizi. Mguu ukizama, kisigino kinashuka chini kuliko vidole, kano inavutika mpaka mwisho, na hapohapo unaitaka isukume. Maji yakipwa, ule mchanga ulioloa ni mgumu vizuri, lakini umeinama kuelekea baharini, kwa hiyo kilomita zote mguu mmoja unakuwa mrefu na mwingine mfupi. Njia ya udongo ulioshindiliwa au uwanja wa shule unatosha. Hata lami, kwa sekunde 15, haina ubaya.

Viatu sitavichelewesha. Raba za mtumba za Karume nazipenda kama wewe, na nyingi ni nzima kwa macho. Lakini sponji ya soli huzeeka hata ndani ya sanduku. Ibonyeze kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kama mkate wa juzi, hiyo ni ya sokoni. Vile viatu vya bei mbaya vyenye bamba la kaboni sikukatazi, ila usivivae kwa mara ya kwanza wiki ileile unayoanza kukimbia haraka. Mguu ukiuma utamlaumu nani?

Sasa jambo ambalo nadhani halisemwi vya kutosha hapa kwetu. Kuna dawa ya bakteria inaitwa siprofloksasini. Mtaani ni sipro. Mtu anasikia mkojo unachoma, au anaambiwa ana taifodi, anaingia duka la dawa anatoka nayo bila cheti. Dawa hiyo na ndugu zake zimethibitika kudhoofisha kano kwa baadhi ya watu, hasa ya kisigino, hata kuikata. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kwenye paketi zake tangu 2008. Hatari ni kubwa zaidi kwa waliovuka 60 na wanaotumia dawa za jamii ya steroidi, na inaweza kujitokeza miezi baada ya kumaliza dozi. Sisemi uikatae daktari akikuandikia, inaokoa maisha. Nasema mwambie daktari unakimbia, na kano ikianza kuuma ukiwa kwenye dozi, simamisha mazoezi urudi kwake siku hiyohiyo.

Na diklofenaki ya kutuliza maumivu kabla ya mbio ni kumziba mdomo mlinzi wa nyumba. Kuchua nako kuna wakati wake. Siku yangu ya bonanza, mwenzangu mmoja mwenye nia njema alitaka kunikanda papo hapo kwa mafuta ya moto. Msuli uliochanika sasa hivi unavuja damu ndani. Ukiukanda na kuupasha moto siku mbili tatu za mwanzo, unaongeza uvujaji. Mguu ufungwe, uinuliwe, uachwe.

Kuna jeraha moja lisilo la mguu. James Fixx, Mmarekani aliyeandika kitabu cha mbio kilichouzwa sana mwaka 1977, alianguka akafa akiwa katika jogingi mwaka 1984, miaka 52. Moyo. Baba yake alikufa kwa moyo akiwa na miaka 43. Mbio hazikumwua kwa kuwa ni mbio. Mishipa ilikuwa imeziba na mbio hazikuizibua. Kabla hujaongeza kasi, pima presha na sukari, mweleze daktari nani kwenu alikufa ghafla. Na kifua kikibana ukikimbia, au ukiona kizunguzungu, hiyo si pumzi ya mazoezi. Simama, utafute hospitali.

Kitu ambacho mimi bado kinanishinda ni siku za katikati. Kano ukiifanyisha kazi ngumu, kwa saa 24 hadi 36 za mwanzo inabomoka zaidi kuliko inavyojengwa. Ujenzi unashinda baadaye. Ukirudia kesho yake unabomoa palipobomolewa. Kwa hiyo siku ya haraka kwangu ni moja kwa wiki, mara chache mbili, na kati yake siku mbili au tatu za mwendo wa konokono. Kule Kaptagat, Kenya, wanakofanyia mazoezi akina Eliud Kipchoge, wanaoenda kuwatazama hushangaa jinsi siku zao nyepesi zinavyoanza: watu wanaokimbia kilomita kwa chini ya dakika 3 wanaondoka kambini kama wanakwenda dukani kununua chumvi. Mimi ninayekimbia kilomita kwa dakika 6 naona aibu kwenda polepole, kwa sababu ya wanaonipita.

Kipimo changu ni kitandani. Naamka saa 11, naweka miguu chini, natembea kwenda bafuni. Hatua 9. Kama kisigino kimekakamaa mpaka ya nne, sawa. Kikikakamaa mpaka mlangoni, hiyo siku ya haraka inakuwa ya polepole, hata kama ratiba imeandikwa kwa wino mwekundu. Sibishani na hatua 9.

Bonanza la mwaka huu lipo, na nimejiandikisha. Mita 400 kwa maveterani, si 100. Yule kijana alinikuta nikijaza fomu, akanisalimu tena vilevile, nikaitikia bila kuchemka. Akaniuliza kama anaweza kuja kunishangilia, au abaki karibu na gari. Nikamwambia achague mwenyewe.

Kesho ni siku yangu ya konokono. Ukipita Barabara ya Toure asubuhi ukaona mtu mzima anapitwa na mama anayempeleka mtoto shule, ni mimi. Nipungie mkono. Usiku mwema.